Kope za Pinki Juu ya Mgunga wa Lomayani

Jumatatu, asubuhi. Baridi ya mwezi wa saba, ile ya kung'ata vidole. Meru hauonekani, umejifunika ukungu mpaka miguuni kama mtu anayeumwa homa.

Mmeonekana! Mlikuwa wapi? Kila nikiingia hapa kuangalia, hakuna hata mmoja aliyepiga hodi. Wengine mlisema mtakuja wakati wa maharage. Maharage yamevunwa, yamepigwa, yamepepetwa, yamo guniani, na nyie hamjatia mguu. Sio hapa kwenye simu, sio nyumbani. Halafu mkija mtaniambia kazi ni nyingi. Kazi gani hiyo ya kumzuia mtu asimsalimie bibi yake? Haya, kaeni. Chai mtajimiminia wenyewe, mimi leo nina maneno.

Kwa wageni: mimi ni bibi wa Oldonyo Sambu, upande wa mlima wenye vumbi. Shule sikwenda hata siku moja. Mimi nasema, simu inaandika, halafu binti yangu Neema kule Moshono ananiwekea nukta mahali pake. Mkikuta makosa, mlaumuni Neema.

Leo nimeamka na furaha mpaka naona aibu.

Nina mti. Jumamosi sikuwa nao. Na juu ya mti huo yupo mama mmoja na mtoto wake, ambao wiki nzima iliyopita nilikuwa nawalilia kimoyomoyo kama ndugu zangu.

Nianze na huyo mama.

Nilimwona wakati wa kung'oa maharage, kwenye lile shamba langu linaloishia korongoni. Nimeinama, mgongo unalia, nikasikia shore wanapiga kelele kwenye mgunga mkubwa wa mpakani. Shore mnawajua, wale ndege wenye makalio ya njano, wambea kuliko sisi wanawake wa kwaya. Wakipiga kelele za kutawanyika hapa na pale, wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Wakipiga kelele wote wameelekea tawi moja, hapo kuna mtu. Ni nyoka au ni bundi. Wanamtukana, wanamwambia tumekuona, toka.

Nikanyoosha mgongo, nikatazama. Sikuona kitu. Karibu na shina kulikuwa na kama gunia limenasa, la kijivu, rangi ya majivu ya jana. Nikasema upepo huu jamani unabeba hadi magunia. Nikataka kuinama tena.

Gunia likafumba jicho.

Na kope yake ilikuwa ya pinki! Sisemi nyekundu, sisemi kahawia. Pinki, kama ya bibi harusi aliyepelekwa saluni mjini. Ndege mkubwa kuliko jogoo wangu, mzito, uso wa mviringo kama sahani ya bati yenye ukingo mweusi, macho meusi ti, na akifumba, pinki. Nilisimama pale na maharage mkononi nikawa nacheka peke yangu. Nikamwambia, mama, na wewe unajipamba kwa ajili ya nani huku porini?

Huyo ndiye bundi mkubwa kuliko wote ninaowajua, na bundi ninawajua kidogo. Nyie mnasema bundi, bundi, kama vile ni mmoja tu. Kule nilikozaliwa, upande wa msitu kwa Wameru, kuna wa madoadoa ambaye hana zile pembe za manyoya kichwani. Mume anaita, mke anajibu, mpaka unajua leo wamepatana au wamenuniana. Nilipokuwa nauza ndizi mjini nilipanga Sokon One, na kwenye paa la ghala la jirani alikaa yule mweupe mwenye uso kama kopa la karata. Bi Zuhura, jirani yangu, mtu wa Pangani, alimwita kipasuasanda, kwa sababu sauti yake ni ya nguo inayochanwa. Akimsikia tu anavuta mtandio na kuanza kusoma dua. Mimi nilikuwa natoka nje kumtazama akipita, mweupe, hana kishindo chochote, mabawa hayasikiki kabisa. Bi Zuhura ananiita kichaa, namwambia sawa, lakini anayewala panya wa unga wako ni huyo huyo.

Na yupo mdogo wa kwenye miiba, mkubwa kama ngumi tu, ambaye mchana wala halali. Huyo ukimzunguka nyuma bado unaona anakutazama, maana Mungu alimwekea alama mbili nyeusi kisogoni mfano wa macho. Mara ya kwanza nilizunguka mti mzima nikidhani ana shingo isiyo na mwisho.

Lakini huyu wa mgunga wetu, jamani. Huyu ni malkia.

Basi nikawa kila siku nina sababu ya kwenda korongoni. Kuni. Majani ya mbuzi. Jembe nimelisahau, kumbe nimelificha mwenyewe. Chini ya mti kulikuwa kumemwagika vinyesi vyeupe kama chokaa, na vitonge vya manyoya na vifupa, maana bundi anameza vyote halafu kisichofaa anakitema. Siku moja nikaokota ngozi ya kalunguyeye imegeuzwa ndani nje kama soksi, miiba yote ipo, nyama hakuna. Mwangalie mwanamke huyo! Mbwa wangu alimgusa kalunguyeye akalia wiki. Yeye amemla kama ndizi.

Halafu nikamwona mtoto. Wamechukua kiota kikuukuu cha tai, bundi hawa hawajengi, wanahamia. Mtoto ni mmoja, mnene, amejaa manyoya ya pamba, kuruka bado kabisa. Mvua ya manyunyu ikianza mama anamfunika, anaivumilia yeye mwenyewe, maji yanamtiririka usoni, na ile kope ya pinki inashuka na kupanda polepole. Nimelea watoto sita. Ninaijua hiyo sura. Ni sura ya mwanamke aliyechoka ambaye hataondoka.

Sasa njooni kwa shemeji yangu Lomayani.

Lomayani ni mdogo wa marehemu mume wangu, Lesian. Shamba lake na langu yanapakana, na ule mgunga uko mpakani palepale. Waligombea mti huo miaka mingi wale wanaume wawili, mmoja anasema wangu, mwingine wangu. Wazee wakakaa, wakaamua ni wa Lomayani. Lesian akakubali kwa mdomo. Kwa moyo hapana. Alikufa hawajanywa chai pamoja tena.

Wiki iliyopita ndipo nikasikia kwa Mama Naserian, mwenyekiti wetu wa wanawake kanisani, kwamba Lomayani ameutoa ule mti uwe sadaka yake ya Sikukuu ya Mavuno. Maana yake unanadiwa Jumapili baada ya ibada, anayeununua anaukata. Na kila mtu alijua atakayeununua ni Olais wa mkaa.

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya kisimani.

Nikaenda kwake Ijumaa mchana. Nikamkuta ananoa panga. Nilimsalimia, maana adabu ni adabu, halafu nikamwambia, "Shemeji, ule mti umekukosea nini?"

"Ni sadaka."

"Sadaka ni mahindi. Ule una mtoto ndani yake."

Akaendelea kunoa. Kisha akasema, haniangalii, "Wewe jioni husikii?"

"Nasikia nini?"

"Mluzi."

Hapo nikakaa chini kwenye kigogo bila kukaribishwa. Lesian alikuwa na mluzi wake wa kuitia ng'ombe. Mrefu, hauna kona, unapanda kidogo mwishoni. Wilaya nzima waliujua. Lomayani anasema tangu mwezi wa sita kila jioni unatoka kwenye mti ule. Anasema kaka yake anamwita kwa sababu ya mpaka. Ameacha hata kupitisha ng'ombe njia ya korongo, anawazungusha juu kwa juu mpaka wanafika wamechoka. Kuukata mwenyewe anaogopa. Kwa hiyo akaona ampe Mungu, Mungu amalizane naye.

"Lomayani," nikamwambia, "yule ni kifaranga wa bundi. Ana njaa. Anamwita mama yake."

"Bundi analia huu, huu. Hapigi mluzi."

"Mtoto anapiga!"

"Umekwenda shule ya bundi, koko?" Koko ndiyo bibi kwa lugha ya huku.

"Sikwenda shule ya chochote, ndiyo maana nina macho. Na kama ni Lesian, kwa nini akuite wewe? Aliyekuwa anampikia ni mimi!"

Hakucheka. Nikamwambia twende tukaangalie sasa hivi, akasema hakanyagi pale. Na sadaka imeshatangazwa na kuombewa, hairudishwi. Kitu kilichokwisha kuombewa huwezi kukinyofoa mkononi mwa Mungu ukasema samahani, nilikosea.

Nimwambie nani ukweli wangu kama sio nyie? Nilitoka pale nikimcheka, lakini nilipofika nyumbani nilikaa. Maana na mimi niliwahi kuusikia mluzi ule, siku za kwanza, kabla sijajua kuna kifaranga. Nilikuwa jikoni. Niliweka sufuria chini nikaenda mlangoni.

Nilisimama mlangoni muda mrefu.

Jumapili ikafika. Ibada nzuri, kwaya zote zimeimba, madhabahu imejaa mahindi, maboga, viazi, na jogoo mmoja anayewika wakati wa mahubiri. Na katikati ya vyote, tawi la mgunga lenye miiba yake. Mti hauwezi kuingia kanisani, basi Lomayani alimtuma kijana alete tawi lisimame badala yake. Nililitazama ibada yote. Sikumbuki mchungaji alisema nini, anisamehe.

Nje mnada ukaanza. Mnadishaji ni mzee wa kanisa, Lazaro, mtu mwenye maneno mpaka unanunua boga lako mwenyewe kwa mara ya pili. Akanyanyua lile tawi, likamchoma kidole. "Mnaona? Hata mti wenyewe haupendi bei ndogo!" Watu wakacheka. Olais akataja bei. Mama Naserian akapanda juu ya bei hiyo, maana nilikuwa nimekwisha kuwaeleza wanawake wote, mmoja mmoja, mpaka wakanichoka. Olais akapanda. Sisi tukachanga palepale, kanga zinafunguliwa pembe, tukapanda juu yake. Olais akakuna kichwa, akarudi nyuma.

"Umekwenda kwa akina mama!" Lazaro akapiga kelele.

Vigelegele! Na katika vigelegele hivyo Mama Naserian, kwa furaha, kwa mazoea ya miaka yote, akainua mkono juu akasema lile neno tunalolisema siku zote mnadani tukinunua kitu cha sadaka.

"Tunaurudisha!"

Mnaelewa? Ndivyo tunavyofanya huku. Unanunua boga, unalirudisha mezani, linanadiwa tena, Mungu anapata mara mbili. Ni jambo zuri sana. Kwa boga.

Nilipiga ukelele mpaka jogoo akanyamaza. "Mama Naserian! Umefanya nini?" Yule mama akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Lakini limeshatoka, na Lazaro amelidaka kama mtu aliyeokota dhahabu. "Umerudishwa! Mungu awabariki akina mama! Tunaanza upya, nani ataje?"

Olais akataja. Na sisi pembe za kanga tupu.

Nikamtazama Lomayani. Amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi, anasubiri liishe. Nikaona hakuna njia nyingine. Nikaenda mbele, nikasimama kati ya Lazaro na watu.

"Lazaro, ng'ombe ukimnadi, watu hawamwoni?"

"Wanamwona, bibi."

"Mbuzi?"

"Wanamwona."

"Basi huo mti nani ameuona? Unanadi kijiti. Bidhaa ionekane kwanza. Haki ni haki."

Watu wakaanza, ni kweli, ni kweli, wengine kwa haki, wengine kwa sababu walikuwa wamechoka kukaa. Olais mwenyewe akasema hata yeye angependa kuona shina. Lazaro akasema twendeni. Na kanisa zima likashuka korongoni, wazee na fimbo zao, akina mama na vitoto mgongoni, kwaya na sare zao za kijani.

Lomayani hakutaka. Nikamshika mkono. Sijawahi kumshika mkono shemeji yangu mbele za watu, na mila hairuhusu, lakini nilimshika. Mkono ulikuwa wa baridi. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Nitakuwa upande wako wa kulia. Kama ni Lesian, nitasema naye mimi."

Tukafika. Nikawaonyesha wasimame wapi, jua liwe mgongoni. Mwanzo hawakumwona, wanasema wapi, wapi, mimi naona matawi tu. Mama bundi akafumba jicho. Ukasikia watu wote wanavuta pumzi kwa pamoja.

"Yesu wangu," akasema Mama Naserian, "ana wanja wa pinki!"

Mmoja wa nyuma akaanza habari za uchuro. Mama Naserian akamgeukia, uchuro gani na mrembo kama huyu, hata wewe siku ya harusi yako hukupendeza hivi. Watu wakacheka kwa kuziba midomo. Hata kicheko kilikuwa cha kunong'ona. Sijawahi kuona usharika wetu umenyamaza hivyo, hata kwenye sala ya toba.

Lakini mtoto hakulia.

Tulisimama. Shingo zikauma. Yule kifaranga alikuwa ameshiba, amelala, amefura kama mto wa kulalia. Nikaanza kuomba, na sioni haya kusema niliomba hivi: Bwana, mpe njaa huyo mtoto. Lomayani alikuwa anatazama viatu vyake. Nilihisi anaanza kuvuta mkono wake kutoka kwenye wangu.

Ndipo mama akasogea. Alijivuta tu tawini, labda macho yetu yalimchosha. Kifaranga akashtuka, akaona mama anasogea, akadhani chakula. Akafungua domo lile.

Mluzi. Mrefu, hauna kona, unapanda kidogo mwishoni.

Lomayani akainua kichwa. Akamwona mtoto na domo wazi. Ukatoka tena, na domo linaonekana, na ulimi unaonekana. Mzee mzima wa miaka yake, akakaa chini kwenye majani kama mtu aliyetua mzigo. Nilidhani anacheka. Kisha nikaona halii tu wala hacheki tu, anafanya vyote viwili.

"Sio yeye," akasema.

"Sio yeye, shemeji."

"Basi hana kisirani na mimi."

Singeweza kumdanganya. Nikamwambia, "Kisirani alikuwa nacho. Lakini amekufa nacho, hakuja nacho huku kukusumbua. Angekuwa na lake la kusema, angekuja mchana kukutukana usoni, unamjua."

Hapo akacheka kweli.

Lazaro naye hana simile, ana mnada wa kumaliza. Akauliza palepale chini ya mti, bei ya Olais inasimama, kuna mwingine? Akina mama tukaangaliana. Olais akatazama juu, akatazama mti, akakuna kichwa. Mkaa ni mkate wake, simlaumu, ana watoto wake.

Lomayani akasimama, akakung'uta majani. "Ninapanda," akasema. "Kondoo wangu dume, yule mweupe."

"Mti wako mwenyewe?" Lazaro akashangaa.

"Sio wangu. Ni wa Mungu, nauomba kwake."

Olais akainua mikono. "Mimi nimeshindwa," akasema. "Na ukweli, nani angepanda huko juu, yule mama anamtazama hivyo?"

Mama Naserian akajiziba mdomo mapema, asije akasema neno. Lakini Lomayani ndiye aliyesema. Alisema taratibu, mbele ya kanisa zima, mbele ya wale wazee walioamua kesi ya mpaka.

"Nampa shemeji yangu. Mti na kivuli chake. Lesian alisema ni wake. Na uwe wake."

Mtu akinunua kitu mnadani akampa mtu, mnada umekwisha. Hakirudi mezani. Lazaro akanikabidhi lile tawi, likanichoma na mimi. Nimelitundika juu ya mlango wa jiko.

Leo asubuhi, kabla sijaanza kusema na simu, nilisikia kengele za ng'ombe upande wa korongo. Lomayani amewapitisha njia ya chini. Alisimama pale chini ya mgunga kidogo, kofia nyuma ya kichwa, anatafuta kwa macho. Halafu akageuka kunipungia, akaonyesha jicho lake kwa kidole, akalifumba na kulifumbua. Mzee mwenzangu ananionyesha kope kama mtoto! Nimecheka mpaka chai ikamwagika.

Nafikiria mara ngapi watu wawili wanaishi kando ya kitu kizuri na wote wawili wanakiogopa, kila mmoja kwa hofu yake, kwa sababu tu hakuna aliyeinua kichwa mchana. Sijui. Nauliza tu.

Mtoto bado yupo. Pamba inaanza kumpungua mabegani, manyoya ya kazi yanaota. Jana jioni alikuwa anapiga mabawa hapo hapo kiotani, anainuka kidogo, anajiogopa, anakaa. Siku atakayoondoka hataniaga, wala sitegemei.

Kwa hiyo nyie mnaosema mtakuja, sikilizeni. Mkishuka kwenye gari msinipigie simu, wala msije moja kwa moja nyumbani. Teremkeni njia ya korongo, simameni jua likiwa mgongoni, msinyooshe vidole, msiongee. Tafuta gunia la kijivu karibu na shina, halafu subiri mpaka lifumbe jicho. Ukishaiona kope ndiyo upande kwangu, makande yatakuwa motoni. Nitakuuliza ni ya rangi gani. Ukinidanganya nitajua, na chakula hupati.

Njoo mapema.